Calone au Helional: ipi ilete bahari kwenye chupa?

Mchanganyaji wa manukato wa Kampala anayetaka harufu ya maji huchagua kati ya kemikali hizi mbili za harufu, na tofauti yake ni kubwa.

Calone, iliyogunduliwa Pfizer mwaka 1966, ni fuwele nyeupe zenye harufu ya upepo wa pwani, tikitimaji na chaza. Nguvu yake ni kali mno. Usiichote kavu: kwa mizani inayosoma gramu 0.1, kosa dogo la kipimo laweza kuongeza dozi maradufu. Yeyusha gramu 1 katika gramu 9 za ethanoli, kisha anza na gramu 1 ya mchanganyiko huo kwa kila gramu 100 za mafuta ya manukato. Ukizidisha, tikiti linageuka samaki, na mteja ataona umemuuzia mwalo wa samaki wa Ggaba! Kwenye karatasi ya kunusia hukaa siku kadhaa, ikibaki peke yake baada ya ndimu na maua kutoweka.

Helional ni kimiminika, pole zaidi: tango lililokatwa sasa hivi, umande, nyasi kavu kwa mbali. Gramu 2 kwa 100 hazitishi. Ila ni aldehidi, aina ya kemikali ambayo hewa huiharibu. Ihifadhi kwenye chupa ndogo iliyojaa. Ikikutana na methili anthranilati, kemikali nyingine ya manukato, rangi hugeuka njano iliyokolea.

Kwa anayeanza, Helional bila shaka. Calone iongeze baadaye, nusu gramu ya ule mchanganyiko, uache wiki mbili ndipo unuse.