Mwezi mmoja na National Theatre at Home: ngazi iliyonitatulia jukwaa

Kikundi chetu hapa Dar kinaandaa Twelfth Night ya Shakespeare kwa Kiswahili, katika ukumbi wa shule, na mimi ndiye ninayeshughulikia jukwaa na maleba. Nimeifanya kazi hii tangu nilipomaliza masomo Bagamoyo, lakini michezo mingi niliyowahi kuipamba ilikuwa ya mahali pamoja: sebule, baraza, ofisi ya mtendaji wa kata. Huu unaruka. Uko ufukweni baada ya meli kuzama, mara kwa mtawala Orsino, mara kwa Olivia anayemlilia kaka yake, mara bustanini, mtaani, gizani alikofungiwa mtu. Nilihesabu maonyesho 18. Kila nilipochora, mchoro wangu uliwadai vijana wahamishe viti na meza huku watazamaji wakikaa kimya wakingoja. Kichekesho cha mapenzi hakivumilii kungoja. Mtu akiingia na barua ya uongo mkononi, aliyedanganywa awe ameshafika.

Ndiyo sababu niliingia National Theatre at Home. Ni huduma ya mtandaoni ya jumba la taifa la maigizo la Uingereza, ilianza Desemba 2020, na inaonyesha michezo iliyorekodiwa jukwaani mbele ya watazamaji. Unaweza kulipia mwezi au kukodi mchezo mmoja tu. Mwezi nililipia karibu pauni 10, ambazo kwa shilingi si pesa ya kuchezea, na niliomba kikundi tuchangie. Kadi yangu ya kwanza ilikataliwa na benki, ya pili ikapita. Nikawa natazama kuanzia saa nne usiku, bando likiwa na nguvu na watoto wamelala.

Nilioufuata hasa ni mchezo wa Twelfth Night wa mwaka 2017, ulioongozwa na Simon Godwin katika ukumbi wa Olivier, London. Mbunifu wa jukwaa na maleba ni Soutra Gilmour. Nimeutazama mara nne nzima, na vipande vyake sijui mara ngapi.

Kitu kikuu alichokijenga ni ngazi. Ni ngazi kubwa mno yenye umbo la pembetatu, imesimama katikati ya jukwaa linalozunguka, na inafunguka kama kurasa za kitabu. Mwanzoni ni omo ya meli inayozama na pacha wawili, Viola na Sebastian, wanapotezana. Inageuka, ni nyumba ya Olivia. Inageuka tena, ni bustani, ni mtaa, ni klabu ya usiku. Hakuna taa inayozimwa ili mtu abebe meza. Waigizaji wanatembea, nayo inageuka wakiwa bado wanatembea, na mahali papya panawafikia kabla hawajamaliza sentensi. Usiku wa kwanza nilisimamisha video, nikarudisha nyuma, nikaanza kuchora upya kwenye daftari la mwanangu kwa kuwa langu sikuliona.

Hapa ndipo huduma hii inapomfaa mtu wa kazi yangu kuliko hata tiketi. Ukiwa ukumbini jukwaa linageuka mara moja na limekwisha. Kwenye laptopu nilisimamisha, nikatazama kona ipi inabeba mlango, ngazi inakatika wapi, mwigizaji anatokea upande gani wakati mgongo wake umeelekea nje. Ila ujue kwamba kuna mtu amekuchagulia pa kutazama. Kamera inapenda nyuso, na mimi mara nyingi nilitaka jukwaa zima. Itabidi uvumilie na ungoje picha ya mbali.

Sasa niseme kuhusu njano, maana ndiyo iliyoninyima usingizi. Katika mchezo huu msimamizi wa nyumba ya Olivia anadanganywa kwa barua kwamba bibi yake anampenda na anataka kumwona katika soksi za njano zenye kamba zilizopishana miguuni. Mwaka 1602, mchezo ulipochezwa Middle Temple, jumba la wanasheria jijini London, soksi hizo zilikuwa na maana yake. Leo, Kariakoo, soksi ya njano ni soksi tu. Utawafanyaje watu washtuke?

Godwin alimfanya msimamizi huyo kuwa mwanamke, Malvolia, na kumpa Tamsin Greig. Gilmour akamvika nyeusi. Nywele nyeusi zilizokatwa sawasawa, mavazi makali, hakuna pambo hata moja. Unamzoea hivyo kwa muda mrefu, mpaka unaamini huyo mwanamke hana rangi nyingine ndani yake. Ndipo anaposhuka ile ngazi na njano yake, polepole, akitabasamu kwa mara ya kwanza maishani mwake, na ukumbi mzima unalipuka. Nilicheka peke yangu jikoni hadi nikaziba mdomo. Nilipomaliza kucheka nikaona jinsi kazi ilivyofanyika: njano ile ilikuwa imehifadhiwa.

Kesho yake nilikwenda mazoezini nikaondoa njano kwenye kila vazi. Kitenge cha Mariamu, ambaye kwetu ndiye anayeandika ile barua, kilikuwa na maua ya njano. Dada anayemcheza alikipenda sana kile kitenge, akaniambia, “Jamani dada, maua yenyewe madogo.” Nilimwonea huruma, lakini nilikivua. Soksi zenyewe nilizipata Mchikichini, kwenye mitumba, jozi tatu za mpira wa miguu zinazofika magotini.

Sijapenda kila kitu. Orsino anakuja na gari halisi jukwaani, na klabu inayoitwa The Elephant, ambayo kwa Shakespeare ni nyumba ya wageni tu, inapewa mwimbaji anayeimba maneno maarufu ya Hamlet, mchezo mwingine wa Shakespeare. Watu ukumbini walishangilia. Mimi niliona hadithi imesimama, na Sebastian, ambaye nilikuwa namngojea kwa hamu, amegeuzwa mpita njia. Ngazi ilikwisha kuonyesha kwamba haihitaji gari.

Halafu kuna mwisho. Wapenzi wamepatana, pacha wameonana, na Malvolia aliyefedheheshwa anapanda ngazi ileile, peke yake, mvua ikinyesha. Ngazi aliyoishuka kwa furaha. Gilmour hakuhitaji kitu kipya kwa ajili ya maumivu, alikuwa amekwisha kukijenga tangu dakika ya kwanza, na sisi tulikuwa tunakichekea. Niliifunga laptopu nikakaa.

Nilipeleka mchoro kwa fundi wa kuchomelea, Tabata. Aliutazama sana.

“Dada, hii ngazi inakwenda wapi?”

“Haiendi popote, fundi. Inazunguka.”

“Nani anaizungusha?”

“Vijana wawili, kwa mkono. Magurudumu manne, na breki.”

Alishauri tusitumie bomba nene, tutumie bomba za mraba na mbao juu yake, ili vijana wawili waimudu. Itakuwa na vidato tisa. Si pembetatu ya London, ambako sakafu yenyewe inazunguka kwa mitambo, lakini upande mmoja utakuwa ngazi, upande wa pili ukuta wenye mlango, upande wa tatu wazi kwa ajili ya gereza. Tumeijaribu juzi bila rangi. Kutoka kwa Orsino hadi kwa Olivia ilichukua sekunde sita.

Kuna aliyeniuliza kwa nini sikuitazama ile ya New York ya 2025, ambayo Lupita Nyong'o na mdogo wake Junior walicheza pacha hao katika Delacorte, ukumbi wa wazi wa Central Park, wakiongozwa na Saheem Ali wa Nairobi. Hiyo haimo katika huduma hii. Nimeona picha zake tu: badala ya ngazi, mbunifu Maruti Evans alisimamisha herufi kubwa mno zinazosomeka WHAT YOU WILL, ambalo ndilo jina la pili la mchezo. Na pacha wale, wakiwa wageni katika nchi isiyo yao, walizungumza Kiswahili. Ningelipa zaidi ya pauni 10 kuisikia sauti ile. Imenipa ujasiri kuhusu jambo ambalo tulikuwa tunabishana: Viola wetu na kaka yake watazungumza Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, wanapokuwa wawili, na wengine wote Kiswahili cha Dar.

Kuhusu lugha, jua kabla hujalipa: maandishi ya chini yapo, nayo yalinisaidia mno, lakini ni Kiingereza, tena kile cha Shakespeare. Mwalimu Nyerere alitufasiria Mabepari wa Venisi, na kwa huu tunahangaika wenyewe mstari kwa mstari. Nilitazama nikiwa na tafsiri yetu pembeni, nikiisimamisha video kila nilipopotea. Kwa mtu anayetaka burudani ya jioni tu, zaidi ya saa mbili na nusu za hivyo zinaweza kumchosha. Kwa mwenye jukwaa la kujenga, sijapata shule ya bei hiyo.

Mwezi wa kwanza umekwisha Jumapili. Nimelipia wa pili, kwa sababu bado sijaelewa ile mvua waliinyeshaje bila waigizaji kuteleza.