Daktari kwa simu, dawa kwa foleni: uzoefu wangu wa kuacha vidonge wakati wa korona

Niko Columbus, Ohio. Niliumia mgongo kazini, nikaandikiwa oksikodoni, vidonge vikali vya maumivu vinavyoleta uraibu. Za hospitali zilipoisha nikawa nanunua za mtaani. Kwetu Tanga mtu kama mimi anaitwa teja, neno ambalo mwenyewe nililitumia kuwachekea wenzangu.

Machi 2020 Marekani ililegeza sharti lililokuwepo tangu 2008, la kwamba daktari akuone kwanza ana kwa ana ndipo akuandikie dawa zenye kuleta uraibu kupitia mtandao. Kwa buprenofini, dawa ya kumsaidia mtu kuacha vidonge kama vyangu, hata simu ya sauti tupu ikakubaliwa. Nilipojiandikisha Mei kwenye kliniki moja ya mtandaoni, hilo ndilo lililoniokoa: video iligoma mara mbili, daktari akanipigia simu ya kawaida.

Niliongea naye garini, vioo vimefungwa. Wanangu Kiswahili wanakipapasa tu, Kiingereza ndicho chao, na siri hii ilikuwa ya Kiingereza.

Daktari hakunihubiria. Alinieleza kwamba buprenofini ukiiwahisha, vile vidonge vikiwa bado mwilini, arosto, yaani mateso ya mwili kukosa kilevi chake, inakushukia yote kwa mpigo. Kwa hiyo nisubiri mpaka arosto ianze yenyewe. Akanitajia dalili: jasho, mafua, tumbo kuvuruga, vinyweleo kusimama, miayo. Usiku ule nilikaa nahesabu miayo. Asubuhi akanipigia tena, tukakubaliana ni wakati. Unaiweka chini ya ulimi, humezi, huongei, unangoja iyeyuke; ina uchungu uliofichwa kwa ladha ya chungwa, na haukufichika vizuri. Haikupita saa mbili nikamwomba mke wangu chai. Nilikuwa sijatamani kitu chochote siku nzima.

Sasa lawama. Duka la kwanza la dawa waliniambia hawana. La pili mfamasia alisoma cheti, akauliza kwa nini daktari wangu yuko mbali hivyo, akanirudishia. Ilikuwa Ijumaa jioni. Nikawaandikia huduma kwa wateja wa kliniki. Jibu lilikuja Jumatatu, na lilikuwa la mashine. Jumamosi daktari mwenyewe ndiye aliyezunguka kwa simu hadi akapata duka lenye dawa, mwendo wa dakika arobaini kutoka kwangu. Asiye na gari angefanyaje?

Kuna pia kipimo cha mkojo kinacholetwa kwa posta, unakionyesha kwenye kamera. Nimeshazoea. Vikao vya kikundi nilihudhuria kamera ikiwa imezimwa, sikuona faida kubwa.

Daktari nampa nyota tano, kliniki yake mbili. Ukijiunga, piga simu dukani kwanza uulize kama dawa ipo, ndipo umtajie daktari duka hilo. Na omba naloksoni ya kupulizia puani, ya kumzindua mtu aliyezidisha. Yetu mke wangu ameiweka kabatini, pembeni ya majani ya chai.