NAS ya darasa la kompyuta: kiboksi sina ugomvi nacho, aliyeniuzia ndiye

Nyota moja. Natanguliza hukumu ili mwenye haraka aondoke nayo, ingawa nikifika chini huenda nikageuka, maana hasira zangu juu ya jambo hili zinahama kutoka kwa kifaa kwenda kwa mtu na kurudi.

Nafundisha kompyuta sekondari, hapa Dodoma mjini. Mashine zetu ni mchanganyiko: nyingine za msaada, nyingine za michango ya wazazi. Shida yetu ilikuwa ile ya kila shule. Mwanafunzi leo kakaa mashine ya dirishani, kesho anakuta imekaliwa na mwenzake, na kazi yake imo humo. Flashi zilituletea virusi. Tukashea folda kutoka kompyuta ya mwalimu, kumbe Windows ya kawaida haipokei zaidi ya mashine 20 kwa wakati mmoja, na hiyo ya mwalimu ikigoma kuwaka darasa zima linakaa. Kuhifadhi mtandaoni? Bando analipa nani? Kwa hiyo NAS, kiboksi cha diski mbili unachokichomeka kwenye swichi ya mtandao na kila kompyuta ikakiona kama folda yake, ndiyo ilitufaa. Hapo msimamo wangu haujabadilika.

Jina la duka silitaji. Nilipokelewa kama mama mkwe: karibu madam, kaa hapa madam, maji ya baridi madam. Nikamweleza kijana wa mauzo kwa Kiswahili kisichohitaji mkalimani: hizi ni kazi za wanafunzi wa mtihani, nataka zisipotee. Nilisema hayo mhasibu wetu akiwa pembeni yangu, na nayarudia hapa kwa sababu baadaye yalikanwa. Kijana akasema nisiwe na wasiwasi, fundi wao atakuja kufunga kila kitu. Fundi akaja, akafunga, akaniandikia paswedi kwenye kipande cha karatasi, akaondoka. Diski mbili za TB 4, skrini ikaonyesha nafasi karibu ya TB 8. Nani asingefurahi?

Na tulifurahi kweli, miezi kadhaa. Nilichokiogopa ni vumbi. Anayeujua upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba hahitaji maelezo. Nilikuwa nakifuta kiboksi kila wiki. Swichi yetu ni ya zamani, ya megabiti 100, kwa hiyo kasi haikuwa ya kujivunia, lakini kwa faili za Word na Access hakuna aliyelalamika.

Halafu siku moja umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena. Uliporudi kwa mara ya mwisho kiboksi kikawasha taa nyekundu na kuanza kulia. Diski moja imekufa. Moja! Nikawatuliza wanafunzi, ipo ya pili. Ya pili ilikuwa nzima kabisa, na haikuwa na faili hata moja linalosomeka.

Fundi wao alikuwa amezipanga kwa RAID 0. Yaani kila faili linakatwa vipande, hiki huku, hiki kule. Nafasi inakuwa kubwa, na siku diski moja ikifa, zimekufa zote. RAID 1 ndiyo inayoandika kitu kilekile kwenye diski zote mbili. Unabaki na nafasi ya moja lakini unalala usingizi. Kwa darasa la watoto huo hata si mjadala. Binti mmoja wa kidato cha nne alikuwa ametengeneza hifadhidata ya wakulima wa zabibu wa kwao Hombolo. Ilibidi aende tena nyumba kwa nyumba kuwauliza upya.

Nikarudi dukani. Kiti hakuna, maji hakuna. Kijana yuleyule, ambaye ningeweza kumzaa, shikamoo hakunipa. Yuko na simu yake. Nikaeleza mwanzo hadi mwisho, naye bila kuinua uso: "We mama, ulitaka nafasi, nafasi si ulipewa?" Nikamwambia, mwanangu, mimi nilitaka kazi za watoto zisipotee. "Basi ungesema." Mbele za wateja! Mhasibu wetu ni mtu mpole, sijawahi kumsikia akipaza sauti hata siku za mishahara kuchelewa. Siku ile alipaza. Tukajibiwa kwamba waranti haihusiani na umeme, tulitakiwa tuwe na UPS, ile betri inayoshikilia umeme ukikatika.

UPS hiyo hakuna aliyeitaja siku ya maji ya baridi. Kumbe kiboksi chenyewe kina tundu la USB la kuunganisha UPS ili chaji ikikaribia kuisha kijizime kwa utaratibu. Kulisema hilo kungemchukua dakika ngapi?

Tukatafuta fundi mwingine. Huyu alianza na shikamoo. Akagundua mwenzake alikuwa amewasha pia SMB1, njia ya zamani ya Windows ya kushea mafaili, eti kompyuta zetu mbili za Windows XP zipate kuingia. SMB1 ndiyo mlango walioutumia wale wa WannaCry, virusi vya kufunga mafaili na kudai pesa, Mei 2017, na mwaka huohuo Microsoft wakaacha kuiwasha kwa kawaida kwenye Windows 10 mpya. Akaizima. Zile XP sasa tunafundishia kufungua na kufunga mashine.

Tukanunua diski nyingine, akapanga RAID 1, akaunganisha UPS, kila kidato kikapata folda yake. Akaongeza diski ya nje ya kuchukua nakala kila Ijumaa, inayofungiwa ofisini kwa mkuu, kwa sababu mtoto akifuta folda, RAID 1 nayo inaifuta kwenye diski zote mbili kwa utiifu mkubwa. Nikamwomba achomoe diski moja kipindi kikiendelea. Kiboksi kikalia, wanafunzi wakaendelea kuchapa kana kwamba hakuna kilichotokea. Na ni kiboksi kilekile nilichokuwa nakitukana!

Kwa hiyo ile nyota moja naifuta. Naweka nne. Hapana, tatu: onyo lake kuhusu RAID 0 ni mstari mmoja wa Kiingereza, maandishi madogo, chini kabisa.

Diski iliyokufa bado iko dukani "inaangaliwa". Waranti yake ni ya mtengenezaji, si hisani ya mtu wa kaunta, na risiti ninayo. Nimeambiwa nipite Jumatatu. Nitapita na mhasibu. Nikiitwa tena "we mama", hizi tatu nazirudisha kuwa moja, kiboksi kinisamehe.