Kipima cheche cha elfu kumi na tano: nimekifunga kwenye kirikuu ya ami inayomisi

Assalaam alaykum ndugu zangu, karibuni tena uwani kwetu hapa Bububu. Leo sianzi na maneno, naanza na sauti. Nyamazeni kidogo msikilize.

Mmesikia? Tu-tu-puh. Tu-tu-puh. Hii ni kirikuu ya ami yangu, pikapu ndogo ya Suzuki Carry ya kabureta, kile chombo cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa, mnaijua, sina haja ya kuwaeleza. Ila moja mulikumbuke: ina silinda tatu tu. Gari ya silinda nne ikimisi moja, yaani silinda moja ikikosa kuwaka, utalalamika lakini utafika. Hii ikilala moja, thuluthi nzima ya nguvu imekwenda, na injini yenyewe iko chini ya kiti, basi unatikisika mpaka meno. Ami anabebea mwani kutoka Paje kuja mjini. Juzi kaniambia, "Mwanangu, nimefika Tunguu gari inahema kama ina pumu."

Na hapa ndipo ninapokasirika. Muda wa wiki tatu ami kashanunua seti mbili za plagi, zile zinazorusha cheche ndani ya silinda, seti ya waya na pampu ya mafuta. Kila fundi akija anatia sikio, anatikisa kichwa, anasema "plagi hizo". Hapana aliyepima. Fedha ya mwani ile, watu wamesimama ndani ya maji ya chumvi kuipata, inakwenda kwa kubahatisha!

Sasa tizameni hichi. Mdogo wangu, sogeza kamera. Kipima cheche. Mpira upande mmoja, chuma upande mwengine, katikati kidirisha cha plastiki chenye kijitaa. Huku unavisha kwenye kichwa cha plagi, huku unavisha waya. Basi. Hakina betri, hakina skrini. Umeme wa plagi unapita ndani yake, na kila unapopita, kijitaa kinawaka.

Zima injini kwanza. Nasisitiza, zima. Kule ndani mna volti elfu ishirini na zaidi. Ile tabia ya kuchomoa waya injini inanguruma ukaisogeza kwenye chuma uone cheche inaruka, iacheni. Utapigwa, na koili, ile inayozalisha umeme huo, unaweza kuiua. Halafu plagi ukiitoa nje inachoma hewa ya kawaida tu, kazi nyepesi. Ndani ya silinda pistoni imeshabana hewa na petroli, hapo cheche inapata tabu kuruka. Plagi inaweza kung'ara mkononi mwako ikazimika ndani. Hichi kipima hakiitoi plagi mahali pake, kinakuonesha ikiwa kazini. Ndiyo maana nakipenda.

Haya, silinda ya kwanza. Nimevisha, nawasha. Tizama. Tizama! Kinawaka kwa mpigo, rangi ya machungwa. Injini ikiwa silensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, mizunguko kama 900 kwa dakika, kila plagi inapiga mara moja kwa mizunguko miwili. Maana yake mara 450 kwa dakika, zaidi ya mara saba kwa sekunde. Jicho linauona mtetemo tu. Nyinyi kwenye simu mtaona kama kinaruka mipigo, hiyo ni kamera haiwahi, si injini. Ndiyo maana nimerekodi pia kwa mwendo wa pole, ona hapa: pa, pa, pa, pa. Hakikosi.

Silinda ya tatu, vile vile. Naipita.

Silinda ya pili. Sogea karibu. Pa, pa, pa... umeona? Kimezimika. Kimerudi. Pa, pa... kimezimika tena. Na sikilizeni sauti: kikizimika tu, injini inasema "puh". Kijitaa na mtikisiko vinakwenda pamoja. Hapa sibahatishi tena, naona kwa macho yangu kuwa cheche haifiki.

Najua mtaandika chini, "chomeka skana", kile kifaa cha kusoma makosa ya gari. Ndugu zangu, nichomeke wapi? Gari ya kabureta haina hilo tundu. Marekani ndiyo waliolazimisha OBD2, mfumo wenye tundu la skana, kwa gari za mwaka 1996 kuja juu, na gari nyingi zilizouzwa ndani ya Japani miaka ya tisini, hata ukikuta tundu, ile skana ya bei rahisi ya blututhi haisomi kitu. Kwenye gari mpya naitumia, sikatai. Itakuletea namba ya kosa P0302, umejua silinda ya pili inamisi. Sababu utaitafuta mwenyewe, na utarudi kwenye kijitaa hichi hichi.

Tunaendelea. Nimezima, nimechukua waya ya silinda ya tatu nikaitia kwenye ya pili, ya pili nikaitia kwenye ya tatu. Kila silinda inapata umeme kwa zamu yake ile ile, nimebadilisha waya tu. Lau tatizo lingehamia ya tatu, waya ndiyo mbovu. Halikuhama. Basi tunapanda juu, kwenye distibyuta, inayogawa umeme kwa kila plagi.

Nimefungua kifuniko. Mdogo wangu, nimulikie. Hichi kituo cha pili, inapoingia waya ya silinda ya pili, kimeota kijani ndani, chumvi hiyo. Gari inalala pwani, inabeba mwani, upepo wa kusi unapuliza usiku kucha. Na hapa, tizameni vizuri, kutoka kwenye kituo mpaka kwenye skrubu pana mstari mweusi, mwembamba kama wanja. Kwa ukucha hautoki. Hiyo ni njia ya umeme! Unyevu ukiingia, cheche inaona afadhali ipite hapo iishie kwenye bodi la gari kuliko kwenda kuhangaika ndani ya silinda. Msasa utasafisha ile kijani, huu mstari msasa hauutibu, utarudi tu. Nimenunua kifuniko kipya na kidole chake cha rota, kile kinachozunguka ndani kugawa umeme.

Nimefunga, nawasha. Silinda ya pili: pa, pa, pa, pa. Hakikosi tena!

Hapa nilikuwa nishajiandaa kukipa kipima hichi alama tisa. Lakini nikaitoa gari barabarani, nikarudi, ikikanyagwa mafuta mengi bado inakohoa. Si kama mwanzo, lakini inakohoa. Kijitaa kinawaka vizuri kabisa. Nikaitoa plagi ya pili: imelowa petroli, na kwenye kaure yake nyeupe pana ufa. Plagi mpya hiyo, ina wiki mbili, kwenye boksi imeandikwa jina kubwa. Aliyeifunga aliipinda na spana, au ilikuja vile dukani, siwezi kusema. Cheche ilikuwa inapita kwenye kijitaa halafu inavujia kwenye ufa, nje ya silinda. Kijitaa kinajua umeme umepita, hakijui umefika wapi. Basi nimeshuka mpaka saba. Bado nakipenda, ila plagi uitoe uitizame pia. Nimetia nyengine, nimepima pengo milimita 0.8, na sasa sikilizeni.

Tu-tu-tu. Alhamdulillahi.

Bei. Mie nimekinunua Kariakoo elfu kumi na tano. Hapa mjini duka moja waliniambia elfu thelathini, nikaondoka. Kipo chengine chenye pengo unalolifungua kwa skrubu, hicho kinakuonesha nguvu ya cheche pia, na kwa fundi wa kila siku ni bora zaidi, lakini waya inatoka kwenye plagi, hupimi injini ikiwa inafanya kazi sawasawa. Kwa mwenye gari moja, chukua hichi cha kijitaa. Angalieni tu mpira ubane vizuri, wangu ulikuwa unateleza siku ya kwanza, nikaufunga uzi.

La channeli: video sasa zitatoka Jumamosi baada ya Laasiri, Ijumaa nimeona haiwezekani. Inayokuja ni kipima mbano wa silinda, maana wengi mmeniuliza cheche ikiwa nzima na plagi nzima na bado inamisi, tunakwenda wapi. Nitaifanya kwenye Hiace ya jirani, keshanikubalia. Wa Pemba walioniomba nije Chake, kusi likitulia tu nakuja.

Ami huyo anaingia uwani, kanzu kaikunja mkononi, anataka ufunguo. Viroba vyake vya mwani viko Paje tangu asubuhi. Ngoja nitoe kipima changu kabla hajaondoka nacho.