Nilifufua CPU ya mtumba, kisha nikaunda kompyuta yangu mwenyewe: uzoefu wangu

Nina stesheneri Mbagala, Dar es Salaam. Mchana ni kuchapa barua, kutoa kopi na kusafisha picha za pasipoti. Usiku ni kadi za harusi na kuhariri video za sendofu. Kwa muda mrefu kazi zote hizo zilibebwa na mashine moja ya mtumba, Dell OptiPlex 9020, yale masanduku meusi ya ofisi za Ulaya yanayoshushwa kwa makontena, ambayo mtaani tunayaita CPU. Niliiongezea nguvu, baadaye nikaunda nyingine mpya kipande kwa kipande nyumbani. Watu huniuliza ipi inalipa. Kwangu zimelipa zote mbili, kila moja kwa kazi yake, na pesa iliyofanya kazi kubwa ni ile niliyoweka kwenye vitu ambavyo muuzaji hakuonyeshi kwanza.

Nianze na Dell. Ilikuja na prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel i5-4590 yenye viini (core) vinne, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 4 na hadi diski ya GB 500. Prosesa hiyo ilitoka 2014, lakini kwa Word, Excel na CorelDRAW bado inajitahidi sana. Kilichokuwa kinaiua mashine ni hadi diski. Sahani yake inazunguka mara 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea lazima kihame huku na huko kila faili inapotafutwa. Ukifungua Task Manager unaona diski iko asilimia 100 huku prosesa haina kazi. Mteja amesimama kaunta na flashi yake mkononi, foleni inarefuka, na wewe huna la kumwambia.

Nikaweka SSD ya SATA ya GB 480, yaani diski isiyo na sahani ya kuzunguka, na RAM mbili za GB 8. Basi. Mashine ambayo niliiwasha asubuhi na kwenda kufagia kibarazani nikiisubiri, ikawa inawaka mara moja na CorelDRAW ikafunguka bila kusuasua. Kama una CPU ya ofisi ya miaka hiyo na unafikiria kuitupa, fanya haya mawili kwanza kabla ya jambo lingine lolote. SSD ya SATA inasoma takriban MB 500 kwa sekunde, lakini faida yake kubwa iko kwenye vile vifaili vidogo vidogo maelfu ambavyo Windows inavisoma wakati wa kuwaka. Hapo hadi diski haioni ndani.

Kwenye RAM kuna mtego mmoja. Mjini zinauzwa RAM za seva kwa bei ya chini sana, nazo kwa umbo zinafanana kabisa na za kompyuta ya kawaida. Soma kibandiko: ikiandikwa PC3-12800U ni ya kwako, ikiandikwa PC3-12800R ni ya seva, na Dell hii haitawaka nayo. Muuzaji anaweza kukuapia kuwa ni ileile. Herufi ya mwisho ndiyo yenye neno.

Na SSD iulizie umri wake. Duka moja waliniletea SSD ndani ya boksi zuri, wakasema mpya. Nilikuwa na laptopu, nikaichomeka pale pale kaunta nikafungua CrystalDiskInfo, programu ya bure inayoonyesha diski imewashwa saa ngapi tangu izaliwe. Ilikuwa na maelfu ya saa. Kijana akaiangalia, akasema, "Dada, ngoja nikuletee nyingine," akaenda stoo akarudi na mpya kweli. Sikugombana naye. Programu ilisema yote.

Mpaka hapo Dell ilinitosha. Kilichonisukuma kuunda mashine mpya ni mambo mawili. La kwanza ni video. Viini vinne, bila kadi ya grafiki (kadi ya kushughulikia picha na video), na kipande cha sherehe cha saa mbili: unaanza kutoa faili iliyokamilika usiku, unalala, asubuhi bado inaendelea. Kuongeza kadi kwenye Dell kunawezekana, lakini pawa saplai yake, kile kiboksi cha umeme ndani ya kasha, ni ya wati 290 na haina waya wa kupeleka umeme kwenye kadi, kwa hiyo unabaki na zile kadi zinazokula wati zisizozidi 75 kutoka kwenye sloti yenyewe. Tena mazabodi yake (bodi kuu inayounganisha vipande vyote) haitumii plagi ya kawaida ya pini 24, ina plagi yake ya pini 8, hivyo hata kubadilisha pawa kunahitaji adapta ya kutafuta. La pili ni Windows. Microsoft ilifunga msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ukiacha ule mpango wa nyongeza wa mwaka mmoja, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu pamoja na TPM 2.0, kipengele cha usalama cha ndani ya mashine. i5-4590 ni kizazi cha nne. Nikaona nisiendelee kuimwagia pesa.

Sikuiuza. Niliiwekea Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, na LibreOffice badala ya Word, na sasa ndiyo mashine ya kuchapa na kutoa kopi, anaiendesha binti anayenisaidia dukani. Hati za Word zinafunguka vizuri, ingawa zile zenye majedwali magumu huwa zinahama kidogo na inabidi uzipange upya. CorelDRAW na Photoshop hazimo kwenye Linux, ndiyo maana usanifu ulihamia kwenye mashine mpya.

Sasa hiyo mpya. Nilichagua prosesa ya AMD Ryzen 5 5600G, na sababu iko kwenye herufi G: ina grafiki ndani yake. Ukichukua Ryzen 5 5600 bila G, ni prosesa nzuri, lakini bila kadi ya grafiki kioo kitabaki cheusi. Mimi bajeti ya kadi sikuwa nayo kwa wakati mmoja, kwa hiyo nilitaka mashine inayowaka leo na kupokea kadi kesho. Ina viini sita na nyuzi (thread) kumi na mbili, na inatumia wati 65 tu, wakati i5 ya Dell imeandikwa 84. Kwa anayenunua umeme wa LUKU hilo nalo ni la kuangalia.

Soketi yake, yaani mahali prosesa inapokaa kwenye bodi, ni AM4. Kuna AM5 iliyotoka 2022, ambayo inatumia RAM za kizazi cha DDR5 pekee. Nilibaki AM4 kwa sababu RAM za DDR4 zimejaa Kariakoo, mpya na za mtumba, na siku moja nikitaka nguvu zaidi naweza kutoa 5600G na kuweka Ryzen 7 yenye G ya soketi ileile bila kugusa kitu kingine. Mazabodi ni ya aina ya B550, ndogo, yenye sloti nne za RAM. Ukipewa ya B450 uliza kama BIOS yake (programu ya ndani ya bodi inayoiwasha mashine) imesasishwa, maana iliyokaa dukani muda mrefu inaweza isiitambue prosesa ya mfululizo wa 5000. Baadhi zina kitufe cha kusasisha kwa flashi hata kabla hujaweka prosesa. Kama haina, mwambie muuzaji aisasishe mbele yako.

Bei sitazitaja, kwa sababu zinafuata dola na wiki ijayo zitakuwa nyingine. Nitasema tu kwamba sehemu kubwa ya pesa yangu ilikwenda kwenye prosesa, halafu pawa saplai na UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika), na kasha nililichukua la kawaida lenye wavu wa kuzuia vumbi mbele. Makasha ya vioo yenye feni za rangi rangi yanapendeza, ila kwa vumbi la barabara yetu wavu una kazi zaidi.

Pawa saplai inastahili maneno mengi, kwa sababu hapa ndipo watu wanaumia. Nyingi za bei ya chini zimeandikwa wati 500 kwa herufi kubwa. Geuza usome jedwali la ubavuni, tafuta mstari wa 12V. Mimi nilikuta moja imeandikwa ampea 18. Zidisha: 12 mara 18 ni wati 216. Hizo ndizo wati zinazofika kwenye prosesa na kadi, maana vitu vyote vizito vya kompyuta ya leo vinakula kwenye 12V. Pawa ya wati 550 ya kweli huwa na ampea zinazokaribia 45 kwenye mstari huo. Nilichukua yenye alama ya ufanisi ya 80 Plus Bronze, inayopokea umeme kuanzia volti 100 hadi 240, kwa sababu jioni watu wakiwasha majiko na pasi volti za mtaani kwetu zinashuka sana. Zile za bei ya chini mara nyingi zina swichi nyekundu nyuma ya kuchagua 115 au 230. Hakikisha iko 230 kabla hujachomeka ukutani. Ikiwa 115 kwa umeme wetu, inalipuka.

UPS yangu ni ya VA 650. Namba hiyo siyo wati; wati zake halisi ziko karibu na 360, zinazotosha mashine na kioo kwa muda wa kuhifadhi kazi na kuzima kwa adabu. Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS. Inapopasha moto inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, na UPS ndogo haihimili. Nimeingia stesheneri nyingi nikaikuta hivyo, nasema kwa nia njema.

Kuunga nilifanya nyumbani, juu ya meza ya chakula, mdogo wangu wa kidato cha tatu akisoma kitabu cha mazabodi kwa sauti na mimi nikifanya. Vifaa ni bisibisi moja ya nyota na taa. Watu wanaogopa umeme tuli, nao upo, gusa chuma cha kasha kila mara. Lakini kwa joto la Dar mimi nilichokilinda zaidi ni jasho. Funga kitambaa kichwani.

Prosesa za AM4 zina pini chini yake, nyembamba mno. Unainua mkono wa soketi, unaoanisha pembetatu ndogo ya dhahabu na alama ya kwenye bodi, na prosesa inadondoka yenyewe mahali pake. Ikikataa usiikandamize, itoe uangalie. RAM mbili zinakaa sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, siyo zilizofuatana. Hili kwa 5600G ni la lazima, kwa sababu grafiki ya ndani inaazima RAM, na ikisoma RAM mbili kwa pamoja inaenda kasi zaidi kuliko ikisoma moja. Ndiyo maana ni bora mbili za GB 8 kuliko moja ya GB 16. Feni inayokuja ndani ya boksi la prosesa ina pesti ya kupitisha joto tayari. Unafungua vile vishikio viwili vya plastiki kwenye bodi, unabakiza bamba la nyuma, kisha unakaza skrubu nne kidogo kidogo kwa mkingamo.

Waya zinazosahaulika ni zile za prosesa, plagi ya pini 8 juu kwenye kona ya bodi. Ile kubwa ya 24 kila mtu anaikumbuka. Waya vidogo vya kitufe cha kuwashia vinachosha macho, na hapo kitabu cha mazabodi ndicho kilichotuokoa.

Tulipowasha mara ya kwanza kioo kilikaa cheusi kwa muda huku feni zikizunguka. Usikimbilie kuzima, bodi inakuwa inazijaribu RAM. Ikishaingia BIOS, washa XMP, mpangilio wa kasi ya RAM, kwa sababu RAM nyingi zilizoandikwa kasi ya 3200 huanza kwa 2133 au 2400 mpaka uziruhusu. Mdogo wangu alipiga kelele mpaka mama wa nyumba ya pili akaja kuuliza kuna nini.

Kazini imenifurahisha. SSD yake ni ya NVMe, ile inayochomekwa moja kwa moja kwenye mazabodi, na inasoma MB 3,500 kwa sekunde, na kadi za harusi zenye picha nzito ninazisogeza kwenye CorelDRAW bila kukwama. Video za HD ninazikata na kuzitoa usiku huohuo. Zipo kasoro. Bodi niliyochukua haina Wi-Fi, nikalazimika kununua kile kijiti cha USB, na ningeanza upya ningelipia bodi yenye Wi-Fi yake. Feni ya prosesa inasikika mashine ikielemewa. Leseni ya Windows iliyokuja na Dell haihamii kwenye mazabodi nyingine, kwa hiyo leseni mpya iwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Na waranti ni ya kila kipande peke yake, kutoka maduka tofauti. Risiti zote za EFD nimezipiga picha, kwa sababu karatasi zile hufutika wino.

Kama kazi yako ni barua na kopi tu, usiunde. Tafuta CPU ya mtumba ya kizazi cha nane, weka SSD na RAM, utabaki na chenji ya kununua karatasi.

Mimi sasa naitafutia mashine mpya kadi ya grafiki, kwa ajili ya video za 4K ambazo wapiga picha wameanza kuniletea. Nimeichagua RTX 3050 ya GB 6, inayotumia wati 70 na kujitosheleza kwa umeme wa sloti. Ukiitafuta nawe, soma boksi vizuri: ile ya GB 8 ina jina lilelile lakini inakula wati 130 na inataka waya wake kutoka kwenye pawa saplai, waya ambao pawa ya Dell yangu haina.