Wale wanafunzi wa volkano wanaozunguka makartie: nendeni, ila mukae mbele

Kama hamujawaona bado, ni wanafunzi wa unif (universite) hapa Goma wenye wanajitolea, jumamosi wanaingia mu kartie na meza moja, beseni na makaratasi, wanaelezea watu mambo ya volkano yetu Nyiragongo na ziwa Kivu, bure kabisa, hakuna hata franga moja. Mi nilifikiri ni zile semina za kugawa tisheti na kupiga foto. Hapana bana.

Chenye kilinishika ni mazuku, ile hewa ya kuua yenye inajikusanya mu mashimo. Waliweka beseni ya kioo, ndani mishumaa mitatu, mfupi, wa katikati na mrefu, kiisha wakachanganya siki na bikarbonati mu chupa wakainamisha polepole, siki yenyewe haitoki, hewa tu njo inamwagika na wala huioni. Mfupi ukazimika. Kisha wa katikati. Mrefu ukabaki unawaka na watoto wote kimya, hata wale wakorofi. Pale njo nilielewa juu ya nini kule upande wa Bulengo mbuzi anaweza kufa na mchungaji amesimama hapo hapo mzima: gazi karboniki ni nzito kupita hewa, inalala mu mashimo, zaidi usiku na asubuhi mapema upepo ukiwa bado. Wakasema ukiona mtu ameanguka mu shimo usikimbilie kushuka, nawe utabaki humo. Hiyo peke yake inatosha mtu aache kazi aende.

Ya ziwa walieleza na chupa ya Fanta, yenye gazi inabaki ndani mpaka uifungue (ikamwagikia papa mmoja suruali, tulicheka). Kivu inabeba karibu kilomita za mchemraba 300 za gazi karboniki na 60 za metani, uzito wa maji njo unaishikilia chini. Mama mmoja muuza sambaza akauliza, "Sasa mwanangu, ile 2021 walitukimbiza mpaka Sake juu ya hiyo?" Kijana akamjibu bila kuzunguka: ndiyo mama, volkano ililipuka tarehe 22 Mei lakini moto ukaendelea kutembea chini ya mji kuelekea ziwa, wakaogopa utatokea chini ya maji na kuamsha gazi, njo tarehe 27 wakasema watu watoke. Akaleta na mfano wa ziwa Nyos kule Kameruni, 1986, gazi ya ziwa iliua watu kama 1,700. "Na italipuka tena lini?" "Tarehe hakuna mwenye anaijua mama, tunaangalia dalili." Nilimpenda hapo, wakubwa wengi wangedanganya.

Sasa mabaya. Walichelewa sana na hakuna aliyeomba samahani. Megafoni hawana, wa nyuma waliona migongo tu. Kijana wa pili alikuwa anasoma kwenye simu kifaransa cha darasani, watu wakaanza kuondoka, mi mwenyewe nilienda kununua karanga. Na ile karatasi ya rangi za alerti, zenye zinaonya juu ya hatari ya volkano, kijani, manjano, orange, nyekundu, yote kifaransa na herufi za sisimizi, wakati njo kitu mama wa soko anahitaji kupita vyote.

Nyota nne kwa tano. Kama munasoma hapa: ile karatasi muiandike kiswahili, kubwa, mubandike ku soko ya Virunga, na yule wa simu mumuweke ku mishumaa.