Damu kuganda ukiwa mjamzito: vidonge vya warfarini au sindano ya heparini?

Mdogo wangu wa Kongwa alivimba mguu wa kushoto akiwa na mimba ya miezi mitano. Shavu la mguu lilikuwa la moto, linauma hata likiguswa na khanga. Altrasaundi ya hapa Dodoma mjini ikaonyesha damu imeganda kwenye mshipa.

Swali lake la kwanza: "Dada, si wanipe vidonge tu?"

Nilimwelewa. Warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ni rahisi kumeza na bei yake ni nafuu. Lakini inapita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Kati ya wiki ya 6 na ya 12 inaweza kuharibu pua na mifupa yake, na baadaye inaweza kumletea kuvuja damu kwenye ubongo. Wenye vali bandia za moyo wana hesabu yao tofauti, hiyo ni ya daktari bingwa.

Heparini, ya kazi hiyohiyo, haipiti kondo. Shida yake ni sindano yenyewe, kila siku: unabana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, unachoma wima, unasukuma dawa polepole, wala husugui. Tumbo lake lilijaa alama za bluu. Gharama nayo ilituumiza. Hata hivyo, kwa mjamzito nachagua sindano bila kusita. Uchungu wa kujifungua ukianza, dozi inasimamishwa mpaka wahudumu waseme.

Baada ya kujifungua hatari bado ipo, hasa wiki 6 za mwanzo. Sasa mtoto hayuko tena tumboni, hivyo mdogo wangu anameza warfarini, anapimwa damu mara kwa mara, na mtoto ananyonya.